Mpwa Wangu, Nunua Ile Yenye Taa

Kitandililo,
S.L.P. 218,
Makambako.

9 Agosti 2025

Mpendwa mpwa wangu Mika,

Kamwene. Naamini barua hii inakukuta mzima huko Finlandi, na kwamba ule mguu ulioteguka kwenye barafu sasa unakanyaga bila kuchechemea. Masomo ya misitu yanaendeleaje? Nawaambia watu hapa kwamba mpwa wangu anasomea miti katika nchi ambayo watu wake nao ni warefu na kimya kama miti. Sijui kama ni kweli, lakini wanapenda kusikia.

Sisi huku tu wazima, isipokuwa baridi. Mwaka huu imekuja na hasira. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kizingitini, na mama Erica hatoki nje bila koti langu la kiwandani, lile la bluu lenye mfuko uliochanika. Nikimwambia nitamnunulia lake, anasema hili limeshamzoea.

Mama yako hajambo kabisa huko Ipelele. Nilikuwa naye mwezi wa tano, na ingawa ni dada yangu mkubwa, bado anachimba tuta moja na nusu la viazi wakati mimi nahangaika na moja. Anakuombea kila siku. Anauliza kama huko kuna viazi. Nilimjibu vipo, akauliza kama vina ladha, hapo sikuweza kukusemea.

Najibu kwa kalamu kwa sababu vidole vyangu havipatani na vile vijiherufi vya simu. Najua utacheka, maana vidole hivihivi havijawahi kugombana na pedi ya gemu. Binti yangu Erica, ambaye siku hizi anafanya kazi kwenye ghala la parachichi mjini Njombe, huja nyumbani kila Jumamosi. Ataipiga picha barua hii akutumie.

Uliniuliza swali moja tu, nami nimelibeba wiki tatu. Ulisema umemaliza ile gemu kubwa kwa mara ya nne, kwenye mashine mpya uliyonunua huko, kwamba zimetoka nyingi zinazoiiga, na hujui kama zinafaa kununuliwa au ni kutupa fedha. Jibu fupi ni kwamba nyingine zinafaa na nyingine hazifai. Lakini jibu hilo ungelipata kwa yeyote. Mimi nimecheza mbili. Moja nusura inikoseshe mke. Kwa hiyo nivumilie.

Unakumbuka ulivyoondoka mwaka jana ukaniachia mashine yako ya zamani na ile gemu kubwa. Ulisema nisiiache ipate vumbi. Nilikuwa na mwaka mmoja tangu nistaafu kiwanda cha nguzo za umeme, na sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilianza kucheza ili tu kulinda mali yako. Nilipomwona yule mtu wa upanga akitembea peke yake katika ile nchi iliyobomoka, ambako hata mbwa anaweza kukuua, na ukifa unarudishwa mwanzo mikono mitupu, nilisema huu ni upuuzi. Baada ya wiki nilikuwa nimeshajua mbwa yule anaruka lini. Baada ya miezi saba niliimaliza.

Sikumwambia mtu nilivyojisikia siku ile. Nilikaa nikatazama majina ya waliotengeneza yakipanda kwenye runinga mpaka yakaisha, halafu nyumba ikawa kimya. Erica alikuwa ameshahamia Njombe. Mama Erica alikuwa shambani. Nikajua nataka nyingine.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Danford, kijana anayetengeneza simu karibu na stendi ya Makambako na kuuza gemu zilizotumika. Nilimwambia nataka iliyo kama ile. Akanitolea diski yenye picha ya fuvu.

"Mzee, hii ni ileile," alisema, "ila wameongeza ugumu."

Nilipaswa kushtuka papo hapo. Sikushtuka.

Niliiita Ya Mifupa, maana jina lake la Kiingereza ni refu kama treni. Kasri lilikuwa lilelile, joka lilelile, hata mlango unaofunguka polepole na kukutia hofu waliuiga. Walichoshindwa kuiga ni haki. Katika ile yenyewe, ukifa unajua umekufa kwa nini. Ulikurupuka, au uliingiwa na tamaa ya kupiga pigo la tatu wakati yalikutosha mawili. Katika Ya Mifupa, upanga wa adui unapita hatua mbili mbele yako, nawe unaanguka. Unarudi, unasimama palepale, safari hii haukugusi. Unarudi tena, unakuua.

Kiwandani tulikuwa na msumeno mkubwa ambao ungeweza kukata mkono wa mtu kama karoti. Lakini kabla haujafanya ubaya ulibadilisha sauti. Ukisikia sauti ile unarudi nyuma, na ndiyo maana nimestaafu na vidole vyangu kumi. Baadaye tukaletewa mwingine wa bei nafuu, uliofanana na ule kama pacha, nao ulikuwa kimya. Fundi mwenzangu Silvanus aliacha kidole pale wiki ya pili. Ugumu si kosa, mpwa wangu. Kosa ni kumwumiza mtu bila kumfundisha kitu.

Ila mimi ni mbishi, unanijua. Nilisema siwezi kushindwa na mifupa. Nikawa nakaa hapo kuanzia chai ya asubuhi. Na kila nilipoanguka nilisema kwa sauti, nimekufa. Nimekufa tena. Jamani, nife mara ngapi?

Jirani yetu mwalimu Anyisile, yule mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alikuwa akinisikia kupitia ukuta siku nne. Siku ya tano, saa tisa alasiri, alibisha hodi akiwa na wanawake wenzake wawili, wote na vitambaa kichwani na Biblia mkononi.

"Baba Erica," alisema, "tumesikia."

"Mmesikia nini, mwalimu?"

"Tumesikia unavyosema umekufa. Mara nyingi."

Nilijaribu kueleza. Nikamwonyesha ile mifupa kwenye runinga, jambo ambalo halikusaidia. Walinikalisha kwenye kiti, wakaniwekea mikono, wakaanza kuomba, na kwa kweli waliomba vizuri. Mama Erica akaingia katikati ya sala na jembe begani. Alivua mabuti, akainamisha kichwa, akaitikia mpaka Amina. Kisha akawapikia chai.

Walipoondoka nilidhani tutacheka. Nilikuwa nimeshaanza kucheka peke yangu. Yeye alikuwa anaosha vikombe, na hakugeuka.

"Kiwandani uliongea na misumeno miaka thelathini na moja," alisema. "Nikasema ni kazi, tunakula. Sasa kazi imekwisha, unaongea na mifupa. Mimi nimengoja zamu yangu, Nahumu, mpaka nimechoka kungoja."

Alikuwa hajaniita kwa jina tangu Erica azaliwe. Na alisema bila ukali wowote, kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha.

Kesho yake alikwenda Ipelele kumsaidia mama yako kuvuna viazi. Aliaga kwa wiki moja. Ikapita ya kwanza, ikapita ya pili.

"Viazi bado," aliniambia kwenye simu.

"Viazi gani hivyo visivyokwisha?"

"Vya dada yako. Mwulize."

Sikumwuliza. Nilichomoa mashine yako ukutani nikaifunika kitambaa. Nikapika ugali, nikala, nikaosha sahani moja. Mpwa wangu, sahani moja ni chombo cha kuhuzunisha sana.

Sasa hapa nakuomba radhi. Wiki ya tatu niliifunga mashine yako kwenye boksi na kuipeleka kwa Danford niiuze. Nilikusudia kukutumia fedha na kukuambia imeungua. Danford aliifungua, akaikagua, akaniuliza kisa ni nini, nami sijui kwa nini nikamweleza kijana wa watu mambo yote.

"Kwani mama anacheza?" akauliza.

"Hachezi."

"Ulishawahi kumwuliza?"

Danford hakuwa ananihubiria. Alikuwa na pedi ya pili iliyokaa dukani muda mrefu, anatafuta pa kuipeleka. Lakini swali lake lilinipata. Akachukua Ya Mifupa, akanipa diski nyingine badala yake. Alisema nayo imeiga kila kitu, kufa, kurudi mwanzo, mabosi, yaani yale majitu yanayolinda njia, ila ina jambo moja ambalo haikuazima popote: inachezwa na watu wawili, mmoja ana upanga na mwingine ana taa. Nilirudi nyumbani na mashine yako, ile gemu, na pedi ya pili.

Asubuhi iliyofuata nikapanda basi la Njombe, nikaunganisha la Makete, na kutoka barabarani nikachukua bodaboda mpaka Ipelele. Niliwakuta mama yako na mke wangu wamekaa kwenye magunia wanachagua viazi vya mbegu. Nikavua koti nikaingia shambani. Nilichimba siku tatu, na jioni mgongo wangu ulikuwa unalia kama bawaba.

Siku ya tatu, mama yako akiwa ameenda kisimani, nilikaa karibu na mke wangu nikamtazama anavyochagua. Alikuwa anakiinua kiazi, anakigeuza mara moja, anajua. Hiki mbegu, hiki cha kula, hiki cha nguruwe. Nilijaribu nikakosea vitano mfululizo.

"Nimekuja kukuomba turudi," nilimwambia. "Na nimenunua kitu cha watu wawili."

"Kitu gani?"

Nikatoa pedi kwenye begi, nilikuwa nimeiviringisha ndani ya sweta. Aliitazama kwanza kama kiazi kilichooza. Akaigeuza. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu, mpaka mama yako akaja mbio na ndoo akidhani kuna nyoka.

"Umekuja toka Makambako," alisema akijifuta machozi, "kuniletea mimi hiki?"

"Ndiyo."

"Basi kesho tunaondoka. Mambo haya lazima niyaone."

Gemu yenyewe tunaiita Ya Taa. Iko milimani, kwenye ukungu, na nakwambia siku ya kwanza mama Erica alipoiona alisema hapo ni kwao. Mtu wa upanga haoni kitu pasipo mtu wa taa. Mtu wa taa hana silaha. Akiinua taa, daraja linaonekana, adui anaonekana, na akiishusha, adui naye anapoteza njia. Hakuna anayeweza kupita peke yake. Nilimpa taa.

Tulikufa dakika ya kwanza.

"Nimekufa kwa nini?" aliuliza.

"Ulimulika nyuma badala ya mbele."

"Aa. Kosa langu." Akainyoosha mikono yake. "Rudia."

Hilo neno, rudia, ndilo lililoniambia kwamba gemu hii ni nzuri. Kwenye Ya Mifupa sikuwahi kusema kosa langu, kwa sababu halikuwa langu.

Tulicheza mchana baada ya kazi za shamba, na Jumapili baada ya ibada. Alikuwa na kasi ndogo ya vidole, sitakudanganya. Kitufe cha kukimbia na cha kuruka alivichanganya mpaka mwisho wa Juni. Lakini ana macho. Kuna bosi mmoja, jitu la kike linalolinda daraja, refu kuliko mnara wa simu. Lilituua siku kumi na moja. Kila tulipokufa mama Erica alitia punje ya harage kwenye bakuli. Mimi nilikuwa natazama mikono ya jitu, kama ulivyonifundisha: tazama silaha, usitazame uso. Haikusaidia, mikono yake inadanganya.

Siku moja akaweka pedi chini.

"Unatazama sana juu," alisema. "Tazama kisigino. Akikanyagia kisigino, anapiga kweli. Akikanyagia vidole, anatishia tu."

"Umejuaje?"

"Ng'ombe wa baba alikuwa hivyo. Nimemkamua miaka tisa, hakuwahi kunipiga teke hata moja."

Nikatazama kisigino. Alikuwa sahihi. Mpwa wangu, mimi nimemaliza ile kubwa, na sijawahi kukiona kisigino cha mtu.

Jumamosi ya tarehe tano Julai, jitu lilianguka. Lilipiga magoti kwanza, daraja likatetemeka, na mama Erica akashikilia taa juu mpaka mwisho, hakuishusha hata sekunde moja. Tuliruka. Mimi wa miaka hamsini na nane na mgongo huu, niliruka. Alinishika mabega akaniambia, "Tumemwangusha, baba Erica, tumemwangusha," na nikaona yule msichana niliyemkuta kwenye kwaya ya Ipelele zamani hizo. Tulizimwaga zile punje mezani tukazihesabu, zilikuwa themanini na nne. Tukazipika na mahindi. Yalikuwa makande kidogo sana, na sijala matamu kama yale.

Lakini bado sijakufikisha nilipotaka. Kwenye gemu hizi, ukifa kuna muda kama wa sekunde kumi, runinga ni nyeusi, unangoja kurudishwa. Peke yangu niliutumia kulaumu. Tukiwa wawili, tulikuwa tunaongea. Mwanzo tuliongea juu ya kosa. Baadaye juu ya paa, juu ya Erica, juu ya ndama. Halafu siku moja katika sekunde kumi hizo akaniambia kwamba Erica alipokuwa darasa la pili, bwana shamba alimwandikisha yeye mwenyewe kwenye mafunzo ya mbegu za viazi mjini Njombe, miezi mitatu, na jina lake likatoka. Hakwenda. Mimi nilikuwa zamu ya mchana na usiku, na mtoto angebaki na nani?

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umechoka. Halafu ukawa umelala. Halafu miaka ikapita."

Runinga ikawaka, tukarudishwa mwanzo, na hakuna aliyegusa kitufe. Mbwa akaja akatuua wote wawili tumesimama.

Jumatatu iliyofuata niliendesha pikipiki mpaka kwa afisa kilimo nikauliza. Mafunzo bado yapo, hata mwaka huu, na umri si kizuizi. Mama Erica alianza tarehe ishirini na moja Julai. Anakaa Njombe kwa Erica kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Mkubwa wao darasani ni yeye, na Erica ananiambia mwalimu akikosea kuchagua kiazi, wenzake wote wanamgeukia mama kwanza. Anaporudi Ijumaa nampokea stendi. Mimi ndiye ninayepika siku hizi, na kwa mchuzi wa njegere sasa sina mpinzani Kitandililo yote. Kwenye gemu tumefika kwa bosi mwingine, na Jumanne alinitumia ujumbe wa maneno manne: usimguse bosi bila mimi. Sijamgusa.

Basi nijibu swali lako kama fundi. Usinunue gemu kwa sababu inafanana na ile uliyoipenda. Tazama kwanza mtu mwingine akiicheza, utazame anavyokufa. Akifa akasema aa, nimeona, nunua. Akifa akasema hii imenionea, achana nayo, hata kama joka lake linang'aa. Na zile ambazo zimeiga kila kitu pasipo kuongeza hata uzi mmoja wa kwao, ngoja zishuke bei, au usinunue kabisa, maana wewe tayari una ile yenyewe. Iliyoiga na kisha ikaleta cha kwake, hiyo si ya kudharau. Sisi sote tulianza kazi kwa kuiga mkono wa mtu.

Wewe, nunua Ya Taa. Erica atakutumia jina lake kamili pamoja na picha ya barua hii. Ukinunua, nunua na pedi ya pili. Uliniambia kwamba tangu ufike huko hujakaa mezani na mtu, na kwamba kuna kijana wa Zambia chumba cha jirani, anayekaanga dagaa mpaka jengo zima linafungua madirisha, nawe hujui hata jina lake. Mgongee. Usingoje mpaka uwe na la kusema. Mwambie una gemu isiyochezeka na mtu mmoja, na mwulize anataka upanga au taa. Akikwambia hajui kucheza, ni vizuri zaidi.

Mama Erica anakusalimu sana, na anasema umpe huyo kijana taa. Mwalimu Anyisile anakusalimu pia. Sasa anajua nikisema nimekufa maana yake ni nini, ila anasema ataendelea kuniombea kwa tahadhari. Salamu za Danford, salamu za Silvanus na vidole vyake tisa. Mama yako anakusalimu mara mbili, moja ya kwake na moja ya marehemu baba yako.

Mungu akulinde katika nchi hiyo ya baridi, akupe marafiki kabla ya shahada, na akurudishe kwetu ukiwa na afya na hamu ya kula makande.

Mjomba wako anayekupenda na kukungoja,
Nahumu Sanga